Kilimia cha Ayubu

Krismasi ya mwaka 2021, saa 9:20 alasiri, nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko la baba, kilomita chache kutoka Chanika, Handeni, nimenyoosha mkono wenye simu juu kama mtu anayeomba mvua. Pale nyuma ya jiko ndipo mtandao unapopatikana. Ndani ya simu roketi ya Ariane 5 ilikuwa inaondoka Kourou, kule Guyana ya Ufaransa, imebeba darubini ya James Webb. Picha inakwama, inaendelea, inakwama tena. Nilipoona moshi tu na wazungu wanapiga makofi, nikajua imeondoka salama.

Baba alitoka na bakuli la pilau. Alikuwa bado hajavua kanzu ya kanisani. Alikuwa katekista wa Anglikana, na siku kama ile alikuwa ameshaongoza ibada mbili.

"Mama, unatafuta nini huko juu?"

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nikamweleza. Darubini, kioo chake kina upana wa mita 6.5, vipande 18, vimepakwa dhahabu. Inakwenda kukaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa tulipo. Akauliza dhahabu kiasi gani. Gramu 48 hivi, nikamwambia. Akacheka kweli. Huku kwetu wachimbaji wadogo wanashinda shimoni miezi na wanatoka na vumbi tu, kwa hiyo dhahabu ni jambo ambalo kila mtu ana maoni nalo.

"Na inakwenda kutafuta nini?"

"Mwanga wa zamani, baba. Galaksi za kwanza kabisa."

Akanyamaza kidogo, akala tonge. "Siku ya Krismasi," akasema. "Basi hata mamajusi walianza na nyota."

Sikujibu. Kati yangu na baba nyota hazikuwa maongezi ya kupitisha muda. Zilikuwa marufuku kwa miaka 12, na aliyepiga marufuku hakuwa yeye. Nilikuwa mimi.

Mwaka 2009 nilirudi likizo kutoka Dar es Salaam, nimemaliza mwaka wa kwanza chuo kikuu. Nilikuwa nasoma uandishi wa habari, lakini mtu wa mwaka wa kwanza ana majibu ya kila kitu. Nilikuwa nimesoma kwenye maktaba kitabu kimoja cha mambo ya anga, nikarudi nacho kichwani kama mtu aliyerudi na bunduki. Usiku ule, mbele ya wageni wawili wa parokia, nikamwambia baba kwamba mwanga wa baadhi ya nyota umesafiri mamilioni ya miaka, kwa hiyo ile dunia ya miaka 6,000 anayoihubiri ni hadithi za kulalia watoto.

Kosa la kwanza lilikuwa neno. Nilisema "unajimu", kwa maana ndivyo tulivyokuwa tunaita. Wageni wakatazamana. Kwa Mtanzania wa umri wao unajimu ni Sheikh Yahya Hussein, nyota ya Ng'ombe na nyota ya Nge, nani atashinda uchaguzi na nani asisafiri Jumanne. Mmoja akauliza kwa upole kama chuoni siku hizi wanafundisha mambo ya kupiga ramli. Ningesema falaki ingekuwa afadhali, ingawa falaki nayo wengi wanaijua kama chuo cha kuagulia. Lugha yetu imeweka sayansi ya nyota na uaguzi wa nyota nyumba moja, na ukibisha hodi hujui nani atafungua.

Kosa la pili nililigundua miaka mingi baadaye. Baba hakuwahi kuhubiri miaka 6,000. Nilimwekea maneno mdomoni. Hesabu ile niliitoa kwenye vijikaratasi vya wahubiri wa mabasini, siyo kwenye madhabahu yake. Mwenye hesabu maarufu kuliko zote za namna hiyo ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh, Ireland, ambaye mwaka 1650 alijumlisha umri wa mababu wa kwenye Biblia na historia za mataifa, akasema dunia iliumbwa Oktoba mwaka 4004 kabla ya Kristo. Naye alikuwa Anglikana, kwa hiyo sikuwa nimekosea ukoo, nimekosea mjomba. Na Ussher hakuwa mjinga. Alikuwa msomi aliyefanya hesabu kwa vitabu alivyokuwa navyo. Wanaonishangaza ni wanaoirudia hesabu ile leo wakiwa na simu mfukoni.

Kuna mzee mwingine ambaye ningependa ningemjua mapema, wa bara letu hili. Agostino, askofu wa Hippo, pwani ya nchi tunayoiita Algeria, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita aliandika kitabu kuhusu sura za mwanzo za Mwanzo. Humo anawaonya Wakristo wenzake: asiyeamini naye anajua mambo ya mbingu na mwendo wa nyota kwa akili na ushahidi, na ni aibu akimsikia Mkristo anapayuka kuhusu mambo hayo huku ameshika Maandiko. Hofu yake ilikuwa ya kawaida tu: wakikukuta umekosea kwenye jambo wanalolijua, watakuaminije kuhusu ufufuo?

Na yupo padri Georges Lemaître, Mbelgiji. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema kama unatanuka basi ulianza mahali padogo mno. Leo tunaita mlipuko mkuu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi kwa namna iliyoonyesha kama vile sayansi imemthibitisha Muumba. Ungetegemea padri afurahi. Hakufurahi. Aliona nadharia yake ni fizikia, inaweza kuwa kweli au ikakosea, na imani haipaswi kuning'inizwa kwenye msumari huo. Nimemfikiria sana mtu huyu, asubuhi anasoma misa, mchana anafanya hesabu, na anakataa katakata kimoja kiwe wakili wa kingine. Mwaka 1966, muda mfupi kabla hajafa, akapata habari kwamba mionzi iliyobaki tangu mwanzo ule imekwisha kugunduliwa.

Lakini haya yote ni ya vitabuni, na nimeyakusanya kama waandishi tunavyokusanya, ili nisiandike jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni barabara ya Handeni kwenda Korogwe. Leo ni kilomita 65 za lami; ukitoka Chanika na gari zima, unapita Sindeni ukiwa bado unatafuta wimbo kwenye simu, na ndani ya saa moja na kidogo unaona milima ya Usambara na unashuka Korogwe kwenye joto la bonde la mto Pangani. Mwaka 1998 ilikuwa udongo mwekundu, na mvua za El Niño zilikuwa zimeutengeneza uji. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Malaria, damu imekwisha mwilini. Baba alikodi gari la mtu aliyekuwa anapeleka mahindi Korogwe, akampakata, na mimi wa miaka 11 nikapanda nyuma juu ya magunia kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia. Mama alishafariki mimi nikiwa na miaka saba. Gari lilinasa mbele kidogo ya Sindeni. Watu walisukuma, wakakata matawi, wakatandika chini ya matairi. Mvua ilikatika usiku ule, na mawingu yakafunguka. Mdogo wangu alifariki kabla gari halijatoka kwenye tope.

Ninachokumbuka ni nyota. Zilikuwa nyingi mno, safi, zimeoshwa. Nilikuwa juu ya magunia natazama juu kwa sababu sikutaka kutazama chini, na nilizichukia. Hakuna hata moja iliyotingishika.

Sikuacha kanisa kwa ajili ya darubini. Niliacha kwa ajili ya usiku ule, na nilipofika chuo nikapata sababu yenye heshima zaidi ya kutaja mbele za watu. Mtu akikuuliza kwa nini huendi kanisani, ukisema "galaksi bilioni nyingi" unaonekana umefikiri. Ukisema "mdogo wangu" unaonekana unalia. Kwa hiyo mwaka 2009 nilimpiga baba kwa nyota. Asubuhi yake akaniita, akaanza kusema, "Mama, kuhusu zile nyota...", na mimi nikamwambia hatutazungumza tena habari hizo humu ndani. Akakubali. Alikuwa mtu wa kukubali.

Marufuku ile ilitikiswa mara moja. Tarehe 1 Septemba 2016 nilitumwa na gazeti kwenda Rujewa, Mbarali, kuandika habari za kupatwa kwa jua. Wasomaji wa rika langu mnaikumbuka siku ile: mwezi uliingia katikati ya jua, ikabaki pete ya moto, kabla kidogo ya saa 6 mchana. Watu walikuja na mabasi, watoto wa shule na sare zao, watalii, wauza miwani ya karatasi. Mwanga ukawa wa ajabu, kama jioni iliyopotea njia. Kwenye basi la kwenda kule mhubiri mmoja alikuwa ametuhakikishia kwamba hii ndiyo ile siku, tutubu. Kwenye basi la kurudi hakuwemo, na hilo lilinisikitisha kidogo, maana nilikuwa nimeandaa swali.

Baba akanipigia simu mchana ule ule. Handeni walikuwa wameona jua limemegwa kipande kikubwa. Alisema majirani zetu Waislamu walisali sala yao ya kupatwa kwa jua, na yeye akasimama na watu wake watano mbele ya kanisa, wakatazama kivuli cha mwembe chini: kila tundu la mwanga kati ya majani lilikuwa limegeuka mwezi mwandamo mdogo. Mamia, anasema, yametawanyika kwenye vumbi. "Niliona nikuambie," akasema. Nikamwambia asante, nina habari ya kutuma kabla ya saa 11. Nikakata. Ile picha ya mwembe ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichoandika siku ile, na sikuitumia.

Turudi Krismasi. Jua lilipozama, upande wa magharibi zikapangana tatu kwa mstari: Zuhura chini kabisa inawaka kama taa ya pikipiki, juu yake Zohali, juu zaidi Mshtarii. Umeme umefika kijijini kwetu, ila usiku ule ulikuwa umekatika, na kwa mara ya kwanza sikuulaani. Kufikia saa 4 usiku watoto wa dada wamelala, tumebaki mimi na baba uani, kila mtu na kiti chake. Mwezi ulikuwa haujatoka. Orioni amepanda mashariki. Kusini, juu kidogo ya miti, lile wingu dogo la Magellan ambalo ukiwa Dar huwezi kuliona hata kwa kuota. Na karibu na utosi, ukielekea kaskazini kidogo, kile kichane cha nyota ndogo zilizokusanyika kama vifaranga.

"Kile?" akanyoosha fimbo.

"Kilimia, baba."

"Kiko mbali gani?"

Marufuku ikaishia pale, hivyo tu, kwa swali la mtu mwenye miaka 73. Nikamweleza. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka mwezini unafika kwa sekunde moja na kitu. Kutoka kwenye jua, dakika nane na kidogo. Kutoka Kilimia, takriban miaka 440. Akafanya hesabu kwa vidole juu ya goti. Mwanga tunaouona sasa uliondoka huko miaka ya 1580. Wareno walikuwa hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Hiyo ilianza 1593. Ilikuwa miaka ile ile ambayo Papa Gregori XIII alikaa na wanafalaki wakairekebisha kalenda, mwaka 1582, kwa sababu Pasaka ilikuwa inahama kutoka mahali pake. Baba alilijua vizuri jambo la Pasaka: kila mwaka ndiye aliyekuwa anawaeleza waumini kwa nini inafuata mwezi mpevu.

"Na wamisionari wa Magila walikuwa bado karne tatu," akasema.

"Karibu."

Akaniambia nimletee Biblia. Ilikuwa giza, lakini hakuihitaji kwa kusoma, aliihitaji kwa kushika. Ile ya Union Version, ya 1952, imefungwa na uzi. Akaniuliza kama najua kwamba Kilimia kimo humo, Ayubu sura ya 38. Nilijua. Sikuwa nimewahi kukifikiria. Kwenye Kiebrania kina jina jingine kabisa, Kiingereza kinaazima kwa Wagiriki, lakini waliotafsiri kwa Kiswahili walichukua neno la watu wa jembe. Kilimia, kinachotokana na kulima. Orioni wakamwacha na jina lake la kigeni, maskini, lakini Kilimia akapewa uraia.

Bibi yangu, yule niliyebeba jina lake, hakujua kusoma. Alikuwa na msemo wa pwani aliouchukua sijui wapi: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na ni kweli, ukihesabu. Mwezi wa tano, masika, kinapotea nyuma ya jua. Kinarudi alfajiri mwezi wa sita, mvua zimekwisha. Halafu Novemba kinachomoza giza likiingia, na vuli inatakiwa iwe imefika. Handeni hii, ambako mvua ni mgeni asiyetoa taarifa, mtu alihitaji kitu cha kutegemea.

"Ayubu alifiwa na watoto kumi," baba akasema. Sauti haikubadilika. "Akamuuliza Mungu kwa nini. Sura baada ya sura. Mungu alipojibu, akamuuliza habari za Kilimia."

Nikamwambia kwamba hilo siyo jibu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

"Siyo jibu," akasema. "Nimeihubiri sura ile miaka ishirini na tatu na sijaridhika nayo hata siku moja."

Miaka 23. Nikatoa 2021. Ilianza 1998.

Akaendelea, taratibu. Usiku wa maziko ya mdogo wangu alikuwa amelala chini, uso ukutani, hataki kula, hataki mtu. Mama yake aliingia, hakumwambia neno la dini hata moja. Alimshika mkono akamtoa nje, akamkalisha pale tulipokaa sasa. Hakumwonyesha chochote. Wakakaa mpaka alfajiri. "Mungu naye nadhani alifanya vile," baba akasema. "Alimtoa tu nje."

Ningependa kuandika kwamba nililia, tukakumbatiana. Hatukufanya hivyo, sisi siyo watu wa kukumbatiana. Nilimuuliza kama mwaka ule, kule Sindeni, aliziona nyota. Akasema hakuona kitu, alikuwa amepakata mtoto. Nikamwambia mimi niliziona. Akatikisa kichwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa taarifa ya kitu kilichoibwa nyumbani kwake zamani.

Asubuhi yake, kabla sijapanda basi, akaniomba nisome somo Jumapili inayofuata kama nitaweza kubaki. Sura ile ile. Nikasema nina kazi. Nilikuwa nayo kweli, lakini ingengoja. Nilikataa kwa sababu niliona nikisimama pale watu wataelewa kwamba nimerudi, nami nilikuwa sijarudi. Bado sijui kama nimerudi. Julai iliyofuata, picha za kwanza za Webb zilipotolewa, nikamtumia kwenye simu ya dada. Akajibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde tisa, nusu yake ni kuku.

Baba alifariki Machi 2023, masika yanaanza. Alifia Korogwe, kitandani, baada ya kusafirishwa kwa lami usiku, bila tope, bila kusimama. Kwenye ibada ya maziko nilisoma Ayubu 38. Nilifika kwenye mstari wa Kilimia nikapotea kidogo, mchungaji akadhani nimeshindwa akataka kunipokea kitabu, nikamzuia kwa mkono.

Wiki moja baadaye, tukipanga vitu vyake, dada akanipa daftari la kanisa ili nilirudishe parokiani. Mahudhurio, ubatizo, sadaka, vichwa vya mahubiri. Kwenye ukurasa wa Januari 2022 kuna hesabu kwa penseli, imejaza nusu ya karatasi. 300,000 mara 60. Mara 60 tena. Mara 24. Mara 365. Amezidisha kwa njia ndefu, ile ya shule ya msingi, sifuri zimepangwa kama shanga. Nilikaa nikaikagua. Mahali fulani kati ya siku na mwaka alidondosha sifuri moja, kwa hiyo amepata 946,080,000,000 badala ya 9,460,800,000,000. Chini yake ameandika "mara 440", akapiga mstari, hakumaliza.

Chini ya mstari, kwa wino: sadaka ya Jumapili 23,400. Nauli ya Chanika kwenda na kurudi 3,000. Mishumaa 2,000. Baki 18,400. Hiyo ameipatia.